Gitaa Lililorudi kwa Fundi

Honokaa,
Jumatano jioni

Kaka yangu mpendwa Kaipo,

Pokea salamu zangu, na uzipokee na mwavuli mkononi, maana zinatoka Honokaa na mvua huku haijavuta pumzi tangu Jumapili. Mimi ni mzima. Ernest naye mzima, isipokuwa magoti, na magoti ya mume wangu unayajua, yalianza kulalamika kabla hatujaoana. Hofu yangu ni kwako. Mkono unaendeleaje? Binti yako Jolene aliniambia kwamba tangu kile kiharusi sasa unaweza kushika kikombe kwa mkono wa kushoto, ila vidole bado havikunjiki vyema. Nilimshukuru Mungu kwa kikombe. Je, unakula? Au bado unaishi kwa vyakula vya kwenye boksi huko Las Vegas kwenu? Pamoja na barua hii nimekutumia samaki wa kukausha na zile plamu za chumvi. Usimwachie binti yako zote, namjua.

Najua unajiuliza kwa nini nimeandika barua wakati simu ipo. Kwenye simu huniachi nimalize. Nikifika katikati tayari umeshacheka, au umeshakasirika, au umeshaniuliza habari za mvua. Kwa hiyo kaa chini, soma mpaka mwisho, ndipo ukasirike ukitaka. Nimelipia posta ya haraka ili Ijumaa iwe mkononi mwako, na sababu ya haraka utaiona.

Kaka, nataka kununua gitaa.

Haya, cheka. Ernest alicheka mpaka akakohoa. Alisema wanawake wa umri wangu wananunua dawa ya kuchua mgongo, mimi nakwenda kununua gitaa, tena la mtumba. Akaniuliza kama ndiyo namwacha nikajiunge na bendi. Nikamjibu kwamba bendi itakayonichukua mimi itakuwa na njaa ya mpishi, si ya mpiga gitaa. Tukacheka wote, na kesho yake ni yeye aliyeniendesha hadi karakana.

Unamkumbuka Mjomba Tadashi, yule fundi magitaa mwenye karakana nyuma ya duka la zamani la viatu. Bado yupo, amepinda kidogo tu. Mkewe, tuliyezoea kumwita Shangazi Lurlene, ndiye anayepokea wateja, na ulimi ni ule ule. Wiki iliyopita nilikwenda kumrudishia sahani yake niliyokaa nayo tangu Pasaka, nikaona gitaa limetundikwa peke yake karibu na mlango. Ni la koa, ule mti wa misitu ya kisiwa chetu, rangi ya chai iliyokolea. Mjomba alilitengeneza mwenyewe zamani kwa mwalimu mmoja wa mji wa Waimea, na sasa mwalimu masikio yamemwishia, akalirudisha kwa fundi wake na kuomba litafutiwe mikono mingine. Ubavuni liliwahi kupasuka. Mjomba akaziba ufa kwa kijiti chembamba cha koa hiyo hiyo, wala hakulificha kovu. Nililipapasa lile kovu kwa kidole na moyo wangu ukaenda moja kwa moja. Bei yake nitakuambia siku ukiwa umekaa kwenye kiti chenye mikono.

Lakini bei siyo iliyonifanya nikuandikie. Mjomba ana sharti lake: gitaa alilolitengeneza, liwe jipya au la mtumba, hamuuzii mtu ambaye hajalipiga mbele yake. Kuna daktari wa meno kutoka California aliyefika kabla yangu, anataka kulitundika sebuleni juu ya kochi. Mjomba akamwomba apige chochote, hata wimbo wa kubembelezea mtoto. Daktari akasema yeye hapigi, anapenda tu mbao. Mjomba akamwambia kama anapenda mbao akanunue kabati. Shangazi Lurlene alinisimulia haya huku bado amekasirika, maana alimkanyaga mumewe mguu lakini maneno yalikuwa yameshatoka, na kodi ya karakana hailipwi kwa majibu makali. Wakakubaliana kwamba daktari arudi Jumapili kabla ya ndege yake. Kama mpaka hapo hajatokea mtu wa kulipiga, basi alichukue.

Jana nikarudi na Ernest, nikaomba kulijaribu. Mjomba aliuliza tangu lini mimi napiga gitaa, kwa sababu katika nyumba ya marehemu Baba yeye anamjua mpigaji mmoja tu, naye ni Kaipo. Nikasema najifunzafunza. Akanipa. Nikazikaza nyuzi kama zinavyokazwa za kila mtu, nikapiga ule wimbo wa kanisani ambao hata mbuzi wa Honokaa wanaujua. Kaka, ilikuwa aibu. Vidole vilikwenda kama mtu anayepapasa njia katika nyumba ya watu. Shangazi Lurlene akasema, "Wee Healani, mbona unalishika kama mtoto wa jirani? Unaogopa lisije likalia mama yake akasikia?" Ernest akaangalia dari. Nikacheka nao, nikaona heri nilirudishe niende zangu.

Hapo ndipo nilipojichongea. Kabla ya kumpa Mjomba gitaa lake, mikono yangu, bila kuniuliza, ilishika vigingi ikaanza kulegeza nyuzi, mmoja baada ya mwingine, mpaka zikalala. Nilikuwa nimefika wa nne nilipojiona. Mjomba amesimama na kitambaa mkononi, ananitazama. Wewe unajua, naye anajua, ni watu gani hapa kwetu wanaolegeza nyuzi kabisa kabla ya kumpa mtu gitaa. Ni wale wenye mlegezo wao wa nyumbani, namna yao wenyewe ya kupanga sauti za nyuzi kwa kulegeza baadhi yake wanapopiga, isiyofanana na ya ukoo mwingine, ambao wameonywa tangu utotoni kwamba mgeni asilikute gitaa likiwa bado limeshika siri ya nyumba. Mtu anayejifunzafunza hafanyi vile.

Mjomba aliniuliza taratibu ni nani aliyenifundisha kulegeza. Nikasema hakuna. Akasema, "Mwanangu, mtu hatii kufuli kwenye nyumba isiyo na kitu." Kisha akalichukua gitaa, akalitundika chumba cha ndani, akaniambia nirudi Jumamosi nilipige ninavyopiga kweli. Nisipofanya hivyo, Jumapili linakwenda kwenye ukuta wa daktari. Ernest hakuelewa, akawa anatuangalia tu kwa zamu.

Wakati huo Shangazi Lurlene alikuwa analalamikia harufu ya gundi. Akafungua dirisha, akasema dirisha hili liachwe wazi, harufu itoke. Maneno ya kawaida kabisa. Lakini mimi niliyekuwa naondoka na mkoba wangu niligeuka kulitazama lile dirisha. Sasa nimefika kwenye jambo lenyewe, na nakuomba usiache kusoma.

Unakumbuka Baba alivyokuwa anakufundisha. Kibaraza cha nyuma, mlango umefungwa, wewe umekaa mbele yake juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mlegezo wa nyumba yetu hupewa mtoto mmoja tu katika kila kizazi, na kizazi chetu ulikuwa wewe. Sikukuonea wivu, au niseme ukweli, nilikuonea wivu lakini nilikupenda zaidi. Kazi yangu saa zile ilikuwa jikoni, kuosha mchele. Na kila mara kabla ya kuanza, Baba alipaza sauti kumwambia Mama aache wazi dirisha la jikoni, lile la upande wa kibaraza, moshi utoke.

Kaipo, mlegezo ninao. Ninao wote, uzi kwa uzi. Na ule wimbo wa Baba, wa farasi wanaovuka mto, ninaupiga. Niliushika kwa sikio pale kwenye beseni la mchele. Vidole nilivifundisha baadaye, nilipopata kazi ya upishi shuleni, kwa gitaa la darasa la muziki, watoto wakishaondoka na mlango wa jiko umefungwa. Hata Ernest hajawahi kunisikia. Miaka yote hiyo nimejihesabu mwizi. Ulipougua, ukaniambia siku ya Mwaka Mpya kwamba basi tena, Jolene hautaki, vidole vimekufa, mlegezo wa Baba utazikwa na wewe, mimi nilinyamaza mpaka ukauliza kama simu imekatika. Haikuwa imekatika. Nilikuwa nimejiziba mdomo kwa aproni, kwa sababu nilitaka kukupigia kelele kwamba hauzikwi, uko huku, na sikuthubutu.

Sasa sikiliza. Jana kwa Mjomba Tadashi, Shangazi alipolisema lile neno la dirisha, ndipo nilipokumbuka kwamba jiko letu lilikuwa la umeme. Lile jeupe, Mama alilojishindia kwenye bahati nasibu ya kanisa kabla hata mimi sijazaliwa. Na saa zile lilikuwa halijawashwa, mchele wenyewe ndio kwanza unaoshwa. Moshi gani, Kaipo?

Nililia njia nzima. Ernest akauliza kuna nini, nikamwambia ni gundi, akaendesha polepole na hakuuliza tena. Unamjua Baba, asingevunja kwa mdomo wake desturi aliyoachiwa na baba yake. Lakini mbona kila mara, na mbona kwa sauti ile, na Mama yupo hatua mbili tu? Siwezi kuapa kwamba dirisha lile alinifungulia mimi. Labda mzee alikuwa na mazoea tu na mimi natafuta pa kuegemea. Wewe ndiye uliyekuwa umekaa mbele yake, wewe ndiye uliyeyaona macho yake yanaelekea wapi akipiga. Nakuomba uniambie uliyoyaona, hata kama siyo ninayotaka kuyasikia.

Na nina ombi jingine. Mlegezo ulipewa wewe, ni wako. Sitaupiga mbele ya mtu bila ruhusa yako, hata kama gitaa litakwenda kwenye ukuta wa daktari na mimi nirudi kwenye sufuria zangu. Ukiniruhusu, nitalinunua, na sitaufungia tena jikoni. Yuko mjukuu wangu Mele, na ikiwa Jolene atabadili mawazo, yupo na yeye. Nafikiri desturi ya mtoto mmoja imetufikisha ukingoni, Kaka. Kidogo tu tuanguke nayo.

Tena nimepungukiwa. Mwisho wa wimbo siujui. Baba alikumalizia siku ile unaondoka, kwenye maegesho ya uwanja wa ndege wa Hilo, mmekaa nyuma ya gari, na mimi nilikuwa kwenye zamu kazini. Sikuwepo, wala dirisha halikuwepo. Napiga vizuri mpaka pale farasi wanapoanza kutoka majini, halafu nanyamaza. Farasi wangu wamesimama wameloa miaka yote hii.

Basi Jumamosi saa nne asubuhi ya huku nitakupigia simu kutoka karakana. Kuhusu Mjomba usiwe na wasiwasi, magitaa ya koo ngapi yamepita mikononi mwake, na hakuna aliyewahi kumsikia akipiga mluzi wa wimbo wa mtu, hata akiwa bafuni. Simu nitaiweka mezani na sitasema neno. Nitapiga. Kama hutaki, kata simu. Sitakuuliza sababu, nitalegeza nyuzi, nitamrudishia mzee gitaa lake, na siku nyingine tutaongea habari za mvua kama kawaida. Utabaki kaka yangu vile vile. Lakini kama unakubali, usiniambie habari za vidole. Koo lako halikupata kiharusi. Nikifika pale ninaponyamaza, wewe usinyamaze. Nimalizie kwa mdomo, nami nitakufuata.

Ernest anakusalimu sana, anasema Las Vegas kuna joto zuri kwa magoti na huenda akahamia kwako, basi jiandae. Shangazi Lurlene anakusalimu, anasema bado analo shati lako la maua ulilolisahau kwake enzi zile ukiwa mwembamba. Mbusu Jolene kwa niaba yangu. Kula samaki. Fanya mazoezi ya mkono hata kama yanachosha, na simu uichaji tangu Ijumaa, usije ukanizimikia tena kama siku ya Krismasi.

Nakukabidhi kwa Mungu, na kwa Jolene siku Mungu akiwa na shughuli.

Ni mimi mdogo wako, wa dirishani,
Healani