Tandala Niliyemfuata

Mjukuu wangu Paskalina,

Nakusalimu kutoka hapa Karatu. Bibi yako mguu umepona, na yule ng'ombe mweusi amezaa. Umeniuliza kwa nini niliwinda mara moja tu.

Mimi na rafiki yangu Boay tulijiandaa mwaka mzima, tukapata leseni ya kuwinda tandala mmoja. Tulishuka Mang'ola, tukaingia nyika kavu ya Eyasi na mzee wa Kihadzabe aliyetuongoza. Siku ya mwisho nilimpiga dume risasi, nikakosea shabaha, akakimbia akiwa na jeraha. Mara akatokea mwingine, mkubwa zaidi.

"Piga huyo," Boay akaninong'oneza.

Yule mzee alishusha mtutu wa bunduki yangu. "Wako ni yule anayevuja damu."

Tulimfuata mchana kutwa, hata maji yakatuishia. Tulimkuta amelala, bado anapumua. Nikammaliza, kisha machozi yakanitoka mbele yao.

"Wengi huwaacha," mzee akasema. "Wewe umekuja."

Nyama tuliila, na ilikuwa tamu, sikudanganyi. Ila nilijua mkono wangu hauna shabaha, na sikutaka mnyama mwingine ateseke wakati mimi najifunza.

Babu yako anayekukumbuka