Aliyewaua Samaki Wako Si Mayu

Nyumba za Walimu,
Shinyanga.
9 Novemba 1977

Mpendwa mdogo wangu Bartholomeo,

Pokea salamu kutoka kwetu sote. Hujambo wewe, na shemeji hajambo? Yule mtoto mliyesema anaota meno, homa imemwacha? Sisi huku ni wazima. Nyamizi anakusalimu, watoto wanakwenda shule, na juzi tumepata mvua ya kwanza. Mimi mwili hauna tatizo. Moyo ndio haujatulia, na nakuomba uisome barua hii mpaka mwisho.

Ni habari ya lile tangi la samaki wa bahari.

Nakumbuka ulivyohangaika. Kwanza yale madumu ya maji ya bahari ya Kunduchi na mawe ya matumbawe uliyomkabidhi Donatus wa reli. Halafu mwezi wa sita ukaja mwenyewe na samaki kwenye ndoo, siku mbili ndani ya treni, ukiwapulizia hewa kwa pampu ya baiskeli. Tulipowamimina wale wawili wa rangi ya chungwa, na wakakimbilia moja kwa moja kwa yule mnyama anayefanana na ua, nililia kidogo. Ulidhani ni mafua.

Kabla hujaondoka ulinipa karatasi ya maagizo. La tatu lilisema: maji yakipungua, ongeza maji ya mvua ya pipani tu, kwa sababu chumvi haipai hewani. Ukaniachia na kile kipimo cha chumvi, cha kioo, kinachoelea, nipime kila Jumamosi.

Bartholomeo, sikupima hata Jumamosi moja. Unajua kiangazi cha hapa. Maji yalikuwa yakishuka kila siku, na mimi nikawa naongeza yale ya bahari yaliyobaki kwenye madumu. Yalipokwisha, nikakoroga chumvi ya dukani. Niliona maji matamu yataiharibu bahari yangu. Na niseme kweli, niliona aibu kufuata karatasi ya mtu niliyemfundisha mimi kuandika jina lake.

Jumapili moja ya Agosti nilikuwa nimemwalika mkuu wa shule na Padre waje baada ya misa waone bahari Shinyanga. Asubuhi ile nilikuta lile ua limesinyaa kama tambara, na samaki mmoja amelala ubavu. Mayu alikuwa amesimama pale, kidole ndani ya maji. Wageni walikuwa ndiyo wanapanda barazani.

Nilipaza sauti. "Toa mkono! Kumbe ni wewe unayewaua na mikono yako ya sabuni!"

Akanigeukia. "Athanas, haya maji..."

"Nyamaza!"

Nilimwambia mama yetu anyamaze, mbele ya Padre. Akajifuta kidole kwenye khanga, akatoka kwa mlango wa jikoni. Mpaka jioni samaki wote walikuwa wameelea. Kesho yake alimuaga Nyamizi kwamba anakwenda Tinde kumsaidia dada yetu Febronia kuvuna pamba. Mimi hakuniaga, na mimi sikumfuata.

Wiki ile ile nikakuandikia kwamba Mayu ametia maji ya sabuni kwenye tangi. Ulivyo na moyo mwema, ukamwandikia yeye kule Tinde kwamba asihuzunike, umemsamehe. Febronia akamsomea.

Mwishoni mwa Septemba nilikuwa namwaga yale maji yaliyooza. Kabla ya kumwaga nikakitumbukiza kile kipimo chako, sijui kwa nini. Kilipanda juu, kikapita alama zote, kikasimama kama kijiti kilichochomekwa ardhini. Nikaelewa pale pale. Nikakaa sakafuni na suruali yangu ya kazini.

Ungedhani ningepanda basi siku ile. Nilinyamaza wiki tano. Kila Jumamosi nilijiambia Jumamosi ijayo. Nilimwacha mama yetu abebe kosa langu, huku nikila, nikilala, na kwenda kanisani.

Mwezi uliopita zamu ya somo lile ikafika. Kila mwaka nachemsha maji ya chumvi mbele ya Kidato cha Kwanza mpaka yakauke, ili waone chumvi imebaki kwenye bakuli. Miaka tisa nafundisha hivyo. Safari hii nililiangalia lile bakuli jeupe nikashindwa kuendelea. Nikawaambia wanafunzi wafungue vitabu wasome wenyewe.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Tinde. Mayu alikuwa amekaa mlangoni anabangua karanga za mbegu. Nikapiga magoti.

"Shikamoo Mayu."

"Marahaba." Hakuacha kubangua.

Nikamweleza yote, mpaka zile wiki tano. Alisikiliza, halafu akasema, "Mimi yale maji niliyaonja. Baba yangu alikuwa anakwenda ziwa Eyasi kwa miguu kuchota chumvi, mimi nimekulia kwenye mizigo ya chumvi. Nilionja yalipoletwa, nikaonja na siku ile. Yalikuwa yamekuwa makali kabisa. Ndilo nililotaka kukwambia."

"Sasa mbona hukuniambia baadaye, Mayu?"

"Uliniambia ninyamaze."

Akaingia ndani, akatoka na barua yako aliyoifunga kwenye kitambaa. "Huyu anasema amenisamehe. Amenisamehe nini?" Nikamsihi turudi wote nyumbani. Akakataa. "Mwandikie kwanza. Sitoki hapa mpaka naye ajue."

Basi nimeandika. Mkuu wa shule na Padre nimewaendea mmoja mmoja nikawaambia. Nyamizi naye anajua, na siku mbili hizi anaongea na mimi kwa shida. Kukwambia wewe ndiko kulikonishinda zaidi, maana ni mimi niliyekufanya umwandikie mama maneno yale.

Usinitumie samaki wengine. Na usinijibu upesi kwa maneno ya kunipoza. Najua tabia yako.

Nisalimie shemeji, mbusu mtoto, na Donatus ukimwona stesheni mwambie nashukuru kwa yale madumu. Febronia na watoto wake wanakukumbuka. Mungu awatunze katika nyumba yenu na awape usingizi mzuri.

Nina ombi moja tu. Kabla hujanijibu mimi, mwandikie Mayu, Tinde, kwa mkono wa Febronia. Mwambie hukuwa na la kumsamehe. Barua yangu inaweza kungoja.

Ni mimi kaka yako nikupendaye, ingawa safari hii kwa uso ulioinama,
Athanas