Usimwekee Mbweha Sinia

Wanza mjukuu wangu,

Hapa nyumbani tu wazima, na mama yako amepona mguu. Umeniuliza kama umwekee mbweha mabaki bustanini huko Riyadh, kwa kuwa madam wako anasema chakula ni neema, hakitupwi. Usimwekee! Getini kuna mlinzi na dereva. Neema hiyo apewe mtu.

Madam wangu wa Jeddah, nilipokuwa mtumishi wa nyumbani pale mtaa wa Aziziya, alisema hayo hayo. Kila jioni nilitoa sinia la wali na kuku, mbweha akala, watoto wa madam wakampiga picha. Akaacha kuwinda, akaacha kutuogopa. Siku moja akamng'ata mtoto aliyeshika paja la kuku.

"Halas, basi! Mnyama mbaya huyu!" bosi, mume wa madam, akafoka.

Mbaya? Nani alimwita? Nani alimzoesha mikono ya watu? Hasira hiyo ninayo mpaka leo.

Bosi akatia sumu kwenye wali, akanikabidhi sinia. "Yalla, peleka. Anakuamini wewe."

Nilipeleka, Wanza. Niliogopa kufukuzwa, nikapeleka. Na mbweha alikuja mbio, hata kabla sijaliweka chini.

Nyanya yako