Mwenye Kamba Hushuka Kwanza

Rwamgasa, Geita

Mke wangu Mama Neema,

Pokea salamu kutoka kwenye vumbi. Mimi mzima, kitambi kimepungua kidogo na upara umeongezeka kidogo, kwa hiyo hujapunjwa. Nyie hamjambo? Baridi ya Makambako imemwachia mama kifua, au bado anakohoa? Mpe shikamoo yangu kabla hujaendelea kusoma, maana najua mbele utakunja uso.

Juzi kwenye simu uliniuliza, "Huyo Mama Shija ni nani, na habari za mume anazitakia nini?" Kisha ukakata. Najua aliyekudokeza ni mdogo wako Tumaini, mtu anayependa kuanza hadithi katikati. Ngoja nikupe mwanzo.

Unajua kazi yangu hapa ni kuzungusha winchi. Tumaini anashuka duarani, yaani kwenye shimo la dhahabu, nami huku juu nashikilia uhai wake kwa mikono hii hii uliyozoea kuiita mizembe. Kamba yetu ilikuwa imechakaa. Akaja Masanja, muuza vifaa, na kamba nyeusi inayong'aa mafuta. Alitusalimu kwa upole mpaka nikashika mfuko wangu. Mfanyabiashara akiwa mpole kupita kiasi mimi hupata wasiwasi.

Kwenye kamba ilining'inia lebo yenye herufi mbili za ng'ambo: ya kwanza kama mlevi aliyepishanisha miguu, ya pili kama mtu aliyebeba fito mbili. Masanja akasema kamba imetoka Japani, na kwamba yeye aliwahi kufanya kazi na Wajapani wa barabara wakamfundisha kusoma. "Hapa pameandikwa imara," akasema.

Sasa ndipo anaingia huyo Mama Shija wako. Anauza vitenge jirani na duara letu. Ana mume, ana wajukuu, na ana sauti ya kuchungia ng'ombe. Alikaa China miaka kadhaa akifuata mzigo, akajifunza lugha yao. Akaishika lebo, akaisogeza mbali na macho.

"Mbona hapa pameandikwa mume?"

Tulicheka sana. Nikasema labda kamba yenyewe inatafuta mchumba. Lakini kicheko kilipoisha shaka ikabaki: mmoja wa hawa wawili anatudanganya. Mama Shija tulimshuku kwamba ana shemeji muuza kamba. Masanja tulimshuku kwa sababu ni Masanja. Na Tumaini, ambaye chini alikuwa ameacha mwamba mzuri, alishaanza kuifunga kamba ile kiunoni. Nikauona tena uso wako, Mama Neema, wa siku uliponikabidhi kijana huyu stendi.

Hapa kuna desturi: muuza kamba hushuka nayo kwanza. Msimamizi wetu, Mzee Kulwa, hana maneno mengi. Alimfungua Tumaini, akamsogezea Masanja ncha ya kamba.

"Karibu, ng'wanawane, mwanangu. Shuka utusalimie walio chini."

Masanja akashika goti. Akasema linamsumbua tangu jana. Tukamwambia goti halina kazi, utaning'inia tu. Akasema na kichwa pia.

Basi tukafunga viroba vya mawe, vizito kuliko Tumaini akiwa ameshiba, nikazungusha. Havikufika hata nusu ya shimo. Kamba ilikatika bila hata kuaga, mawe yakalia huko chini. Tulipovuta kipande kilichobaki, nje mafuta, ndani imeoza kama gome la mti wa zamani. Tumaini alikaa chini, akajipapasa kiuno palipokuwa na fundo. Mimi nilivaa koti juani. Watu niliwaambia ni malaria.

Tukamgeukia Masanja tumwite mwongo wa herufi. Alishaondoka, na goti lilimbeba vizuri sana. Mama Shija, kwa hasira ya kuchekwa, akatuma picha ya lebo kwa mwalimu wake wa zamani kule China. Jibu likaja: kwa Wachina neno hilo ni mume, Wajapani huandika herufi zile zile, na kwao ni imara.

Nikasema, kumbe Masanja alisoma sawa.

"Kusoma alisoma," akajibu Mama Shija. "Ila hakushuka."

Kamba tunayotumia sasa, aliyetuuzia alishuka nayo akiimba, tena vibaya. Ndiyo anayoshukia Tumaini.

Huyo ndiye mume uliyemsikia. Najua bado unanitazama kwa jicho moja, na mimi ningekuwa wewe ningefanya hivyo hivyo. Usiniamini kwa barua. Mvua zikijaza maduara tutasimama kazi, nami nitapanda basi nije unikague.

Msalimie baba mdogo fundi baiskeli, na jirani yetu wa mashine ya kusaga anayekupimia maneno pamoja na unga. Neema mwambie baba yake bado ana meno yote.

Ni mimi mumeo, kwa Kichina. Kwa Kijapani utaamua mwenyewe nikishuka.

Baba Neema