Ufagio Kwenye Banda la Boti

Twyla,

Mimi na baba yako tumekwenda mjini Little Rock kwa daktari wa macho. Ndiyo, macho! Supu ya bata iko jikoni, ipashe moto. Mbwa ameshakula, asikudanganye.

Mwanangu, sikiliza. Asubuhi tulikwenda dukani kuchagua ile bunduki ya kuwindia bata inayojipakia risasi yenyewe, maana ya zamani inampiga baba yako teke begani. Muuzaji akamwambia afumbe macho, aipandishe hadi shavuni, kisha afumbue jicho la kulia peke yake aseme anaona nini juu ya mtutu. Baba yako akairudisha mezani. Akaletewa nyingine tatu, zote akazirudisha. Mwishowe akasema, "Nipe ya mtu wa mashoto."

Nikacheka! "Harlan, miaka arobaini unalengea kulia, leo umekuwa shoto?" Hakucheka. Akaiweka bega la kushoto, ikakaa sawasawa mara moja, kama ameizoea siku nyingi. Ndipo akasema jicho la kulia halioni tangu Machi. Tangu Machi, Twyla, na mimi nalala naye kitanda kimoja!

~~Ficha funguo za boti, asiende kuwinda.~~ Hapana, ziache palepale.

Unakumbuka nilivyokufokea kuhusu ufagio wangu wa jikoni, kila siku nauokota kwenye banda la boti? Nisamehe, hukuwa wewe. Ni baba yako, alikuwa akiushika kama bunduki, akijifunza kulenga kwa bega la kushoto, peke yake, nisimwone.

Ukiukuta huko leo, usiurudishe.

Mama