Mkono wa Mama na Basi Lisilo na Kioo

Chumba cha juu, juu ya kinyozi,
Mtaa uleule uliotulea.
Jumapili, tarehe 9, jioni.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zangu za upendo. Hasira nimeiweka kando kidogo ili salamu zipite kwanza. U hali gani huko uliko? Wifi hajambo? Kifua chake kimepoa tangu ile baridi imshike? Na watoto je, bado wanagombania dirisha?

Sisi huku tu wazima, ukiacha hilo la mguu wa Mama. Mimi bado niko duka la vipuri, nauza mikanda ya feni na vioo vya magari kwa wanaume wanaonitaka niwaitie fundi wa kiume kwanza. Kinyozi wa chini amenunua redio mpya, basi taarifa ya habari tunaisikia kupitia sakafuni bila gharama yoyote. Mjomba amewekewa meno mapya na siku hizi anacheka hata pasipo na cha kuchekesha, mradi tu yaonekane.

Haya, salamu zimekwisha. Sasa keti, maana nina maneno nawe.

Jumatano ulipoongea na Mama kwa simu, nilikuwa pale pale kando yake namenya viazi. Nilisikia yote. Ulimwambia aende kwenye kampuni ya mabasi akubali kosa, aombe radhi, mambo yaishe. Halafu ukamwambia kuanzia sasa akae nyumbani, asipande tena basi, umri umekwenda. Ulisema kwa upole, sikatai. Lakini Kaka, ukimwambia mtu kwa upole kwamba siku zake za kutembea zimekwisha, bado umemwambia. Nilitaka kumpokonya ile simu. Mama akanikata jicho, lile unalolijua, nikanywea.

Wewe umepata kipande tu cha habari hii: kwamba Mama alianguka wakati anashuka kwenye basi, akavunjika kifundo cha mguu, na kampuni inasema amejitakia mwenyewe. Ngoja nikueleze ilivyokuwa, na sitatia chumvi, haihitaji.

Unakumbuka vizuri kazi ya Mama, maana ndiyo iliyotuvisha sare za shule. Miaka zaidi ya ishirini alikuwa kondakta wa kampuni hiyohiyo, amesimama mlangoni. Akishaona wote wamepanda na wa kushuka wameshuka, anapiga ubavu wa basi kwa kiganja. Kofi moja, dereva anasimama. Makofi mawili, dereva anaondoka. Mama alistaafu, ila mkono wake haukupata habari hizo. Akimaliza kula, anapiga meza mara mbili. Akifunga kabati, mara mbili. Na siku ya mazishi ya Baba, nadhani hujasahau, alishuka kwenye gari lililobeba jeneza ili awapange watu, akaligonga mara mbili bila kufikiri, na dereva akaondoka na marehemu, wafiwa wote tukabaki barabarani tumeshika maua. Mjomba alilikimbilia lile gari mpaka viatu vikamtoka. Tulicheka huku tunalia.

Sasa makondakta hawapo tena. Kampuni iliwaachisha kazi wote mwaka jana, wakasema ni mambo ya kisasa. Dereva ndiye anayekusanya nauli, anayerudisha chenji, anayefungua mlango na kuufunga kwa kitufe, anayejibizana na abiria, na akipata nafasi anaendesha. Basi lile la siku hiyo halina kioo cha pembeni upande wa mlango. Limebaki shina la chuma tu, limeota kutu, maana yake hakikuvunjika jana. Mimi nauza vioo hivyo, Kaka. Niliangalia shina lile nikataka kupiga kelele.

Na kituo chetu cha basi nacho! Tangu wapanue barabara wamekihamishia kule mbele ya mzunguko, palipo na mtaro upande mmoja na pikipiki zinazopita kama zimetumwa kuchukua roho za watu upande mwingine. Hakuna pa kukanyagia. Ukishuka, unachagua mwenyewe: mtaro au pikipiki. Aliyepanga mahali pale hajawahi kushuka kwenye basi maishani mwake, hilo naweza kuapa.

Siku hiyo Mama alikuwa anatoka sokoni. Alishuka wa mwisho, kwa sababu bado ana ile tabia ya kuwatanguliza wengine. Akageuka, na mkono wake ukafanya ulichozoea. Makofi mawili. Dereva alikuwa anahesabu chenji, haoni mlango, haoni nyuma, lakini makofi aliyasikia. Akabonyeza kitufe, akaondoka. Mkanda wa mkoba wa Mama ukabanwa mlangoni, na mkanda wenyewe alikuwa ameuvaa begani, umepita kifuani.

Basi lilimburuta kutoka kituoni mpaka mbele ya duka la dawa. Sitaki kukuandikia zaidi ya hapo. Abiria walipiga mayowe, dereva akadhani ni zile kelele za kila siku. Vijana waliokuwa kando ya barabara walitoa simu kupiga picha, Mungu awasamehe kwa sababu mimi sijaweza. Aliyemwokoa ni muuza machungwa. Alirusha chungwa kwa nguvu zake zote, likapasuka kwenye kioo cha mbele, ndipo yule bwana akakanyaga breki. Alishuka akiwa amekasirikia chungwa.

Siku iliyofuata nilikwenda kwa meneja wa kampuni. Meneja ni kijana msafi, ananukia vizuri, ananiita dada. Akanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa weee, halafu akasema, "Lakini dada, bi mkubwa mwenyewe ndiye aliyetoa ishara. Mashahidi wapo." Akaongeza kwamba Mama akija mbele ya wakubwa wa kampuni siku ya Ijumaa, akikiri kwamba kosa ni lake, basi wao hawatamlaumu kwa usumbufu. Hawatamlaumu! Mwanamke ana plasta mguuni, wao ndio wanaomsamehe.

Niliondoka bila kuaga. Nikarudi dukani, nikachukua kioo cha pembeni cha basi, kipya, ndani ya nailoni yake, nikarudi nacho mpaka ofisini kwake na kukiweka mezani. Nikamwambia hiki ndicho kinachokosekana. Unajua alifanya nini? Alijitazama, akarekebisha tai. Nilikichukua kioo changu nikatoka, maana ningebaki pale ungesikia nimefungwa.

Lakini kilichoniumiza zaidi kilikuwa hapa nyumbani. Mama aliyaamini maneno yao. Tangu siku ile mkono wake wa kulia akawa anaukalia. Nakwambia kweli, anaketi na kuuweka chini ya paja, kama mtu aliyemkamata mwizi na hataki atoroke. Alimaliza kula, meza kimya. Alifunga kabati, kimya. Zamani makofi yale yalinikera, nilikuwa namwambia Mama wewe utatuvunjia vyombo. Sikujua nyumba inaweza kunyamaza hivyo. Na wewe ndipo ukapiga simu na kumwambia akubali kosa. Ulimsaidia kuukalia huo mkono, Kaka.

Ijumaa tukaenda. Nilitaka tuchukue teksi, Mama akakataa, akasema kama anakwenda kuomba radhi kwa watu wa basi atakwenda kwa basi. Alikuwa na fimbo mkono wa kushoto, wa kulia ameutia ndani ya mfuko wa sweta. Tulikaa kiti cha kwanza karibu na mlango. Nilijua anapanga maneno ya kukiri, midomo ilikuwa inacheza.

Tulipofika kituo cha soko, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alikuwa anapanda. Mguu mmoja ndani, mwingine bado uko chini. Dereva ana noti mkononi, anatafuta chenji, muziki umefunguliwa mpaka mwisho, na basi likaanza kutembea. Watu wakapiga kelele, "We dereva! Dereva wee!" Wapi. Yule mama alishika chuma cha mlango, uso umembadilika.

Mkono wa Mama ukatoka mfukoni. Kofi moja, paa! Sijawahi kusikia kofi kama lile, na nimelelewa nayo. Basi likasimama papo hapo, sote tukarushwa mbele, mzee mmoja akajikuta amemkumbatia asiyemjua.

Dereva akazima muziki, akageuka amevimba. "Nani huyo anapiga gari langu?"

Mama akasema, "Kondakta."

"Kondakta gani? Siku hizi hatuna kondakta."

"Ndiyo maana nimepiga."

Yule mama akapanda, akatafutiwa kiti, mtoto wala hakuamka. Mama yetu akainuka kwa fimbo yake, akachungulia mlangoni, akatazama nyuma, akatazama mbele, kisha akapiga mbili. Dereva akaondoka. Mimi nililia pale pale mbele za watu, na mwenye kutazama alitazama.

Kwenye kampuni walikuwa wametuwekea viti na maji ya kunywa. Mama hakukaa. Aliwaambia, "Nilipiga mbili bila kuangalia. Hilo ni langu, nalibeba. La kumtoa kondakta mlangoni na kuliacha gari bila kioo ni lenu, na hilo silibebi." Akaniambia tuondoke. Meneja akasema watalifanyia kazi. Jana nimeliona basi lilelile barabarani, bado lina shina la kutu, limejaa watoto. Kwa hiyo usidhani nimepoa. Kila dereva wao anayekuja dukani kununua kitu namuuliza kwanza habari za kioo, mbele ya wateja, kwa sauti. Bosi wangu ananiambia nitamfukuzia wateja. Nimemwambia bora wakimbie kuliko waburute watu. Na kesho jioni mimi, muuza machungwa na abiria wengine wa kituo chetu tunakwenda kwa watu wa barabara kuwauliza kwa nini wametupa mtaro badala ya pa kukanyagia. Mama anasema naye anakwenda. Jaribu kumzuia kwa simu uone.

Sasa nakuomba jambo moja, na hapa nashusha sauti. Usimwambie tena akae ndani. Najua unaogopa. Uko mbali, simu ikilia usiku moyo unakudunda, na kumfungia mlango kunakupa usingizi. Lakini huo usingizi ni wako, gharama yake analipa yeye.

Kumbuka siku ulipoondoka. Teksi ilikuwa pale mbele ya kinyozi, mizigo imefungwa, na dereva anasubiri. Wewe hukuweza kumwambia aende, ulikuwa umeinamisha kichwa. Mama ndiye aliyefunga mlango wako, akatazama nyuma, akatazama mbele, akapiga mbili. Uliondoka kwa ruhusa ya mkono ule. Alipoingia ndani aliushika kwa mkono mwingine mpaka giza likaingia, na hakumlaumu yeyote.

Msalimie sana Wifi, mwambie dawa ya kifua aimalize yote, asiache katikati. Watoto uwaambie shangazi yao anawabusu na hawi mkali hivi siku zote. Mjomba anakusalimu kwa meno yote. Kinyozi naye anakusalimu, anauliza huko nani anakunyoa vibaya hivyo kwenye picha. Mola akulinde barabarani, uendako na urudiko, na akuweke mikononi mwa madereva wanaotazama nyuma.

Mama amemaliza kula sasa hivi, amepiga meza mara mbili, vikombe vimeruka. Anasema nikuandikie kwamba mkono hauna neno, na kwamba siku utakapokuja atakusubiri palepale mbele ya kinyozi. Teksi yako ikitokea, atapiga moja.

Ndimi mdogo wako, nikupendaye hata nikikukaripia,
Bi Mdomo