Kila Jumapili Munyakazi Anapita

Jumapili, 8 Januari 2023

Emisiyo ya televizheni ya kuchangia wakimbizi, tena! Jumapili ya sita hii. Guylain, mutangazaji, kavaa koti lile lile la bluu. Kwanza kwaya. Halafu picha za wakimbizi njiani na chukudu zao za mbao, za magurudumu mawili. Halafu Guylain analia — saa kumi na dakika ishirini, unaweza kurekebishia saa yako. Halafu kuku. Kuku anauzishwa, aliyemununua anamurudisha "kwa ajili ya wakimbizi", anauzishwa tena. Kama kwetu kanisani siku ya mavuno. Kuku yule ameuzwa mara ngapi sijui, na bado anapumua!

Nikamuambia mugeni wangu Nyirakamana: tuzime, tuchambue maharagi. Akakataa. Tangu alipofika kwangu hapa Goma mwezi wa kumi na moja, akikimbia vita kwao Kiwanja na kikwembe kimoja mabegani, hajawahi kunikatalia kitu. Nikashangaa.

Jumapili, 15 Januari

Leo nimejua sababu.

Kwaya ilipomaliza, picha zikaanza. Nyirakamana akapiga magoti, akaweka kidole kwenye kioo. "Madamu, huyu! Ni bwana yangu!"

Mutu anasukuma chukudu, godoro juu. Anageuka kidogo, anamuchekea mutu ambaye haonekani. Sekunde nne, labda tano. Kapita.

Munyakazi. Walipotezana risasi zilipoanza, yeye huku, muzee kule. Tangu siku hiyo simu ya muzee haipatikani. Anasema amemujua kwa bega la kushoto, limeshuka. Miaka ishirini na saba ya ndoa, hawezi kukosea bega.

Kumbe kila Jumapili anangojea zile sekunde na haniambii! Aliogopa nitamucheka. Na kweli ningemucheka, mimi na mudomo wangu. Mungu anisamehe.

Jumatano, 18 Januari

Anaimba jikoni. Sombe ya leo imezidi chumvi, nimekula yote.

Anasema kukimbia kumemurudishia muzee ujana, hata mvi hazionekani. Nikamuambia: angalia asioe kijana mwenzake huko kambini! Alicheka mpaka akashika ukuta. Sijawahi kumusikia akicheka hivi. Ana sauti nzuri ya kucheka, huyu mama.

Jumapili, 22 Januari

Umeme umekatika saa kumi kasoro kidogo! Nyirakamana aliangalia tu kioo cheusi.

Nikamushika mukono, tukakimbia kwa jirani, papa Ntirenganya, mwenye jenereta. Mimi! Mimi niliyeitukana emisiyo hii tangu Noeli! Tukafika kwaya bado inaimba — sijawahi kuipenda kwaya ile kama leo. Tumekaa chini kwenye mukeka, tunahema.

Munyakazi akapita. Tukapiga makofi. Papa Ntirenganya akauliza kama ni mupira.

Nimemuahidi: Jumanne naenda kituoni mwenyewe, niulize picha zile zilipigwa wapi.

Jumanne, 24 Januari

Rémy ndiye anayepanga picha pale kwenye televizheni. Nilimufundisha darasa la nne, hakujua kukaa kitini. Leo amenipa kiti na Fanta.

Picha zilipigwa kwenye kambi ya Kanyaruchinya, amesema. Kupita Munigi kidogo tu! Nikasimama nikimbie nyumbani. Rémy akaongeza, bila ubaya wowote, kwamba ni za zamani. Za vita ya 2012. Wana kamera moja, kwa hiyo vita ikirudi wanazirudisha. Nani atajua? Magodoro ni yale yale, sufuria ni zile zile.

Nikakaa tena. Akanionyesha tarehe kwenye kompyuta. Novemba 2012.

Nimerudi kwa miguu, polepole. Nyirakamana alikuwa anangoja kwenye mulango wa uzio wa lupango. "Ni wapi, Madamu?" Nikasema: Kanyaruchinya. Halafu akanikumbatia, na tarehe sikumutajia. Mwoga mimi!

Jumatano, 25 Januari

Nimemuuliza kama mutu anayepiga tu masoga: ile vita ya 2012 mulikimbilia wapi? Yeye alienda Vitshumbi kwa dada yake, na watoto. Munyakazi alishuka Goma peke yake. Walikutana tena nyumbani baada ya miezi mine. Muzee alikuja amekonda, amesema, lakini anacheka.

Basi hajakosea. Bega ni lile. Ila ni la miaka kumi nyuma, linasukuma chukudu katika vita nyingine. Munyakazi wa leo, hakuna anayejua aliko.

Miaka thelathini nimefundisha. Nimewaambia wazazi wangapi kwamba mutoto ameanguka mutihani! Hili silijui hata linaanza na neno gani. Kesho nitamuambia.

Ijumaa, 27 Januari

Sijamuambia.

Jumapili, 29 Januari

Saa nane mchana. Nilipotoka misa nimekuta ameoga, amejipaka mafuta, amevaa kikwembe changu kizuri, kile nilichomupa Noeli. Nikasema, emisiyo bado masaa mawili. Akasema leo haangalii. Muzee yuko Kanyaruchinya, kwa nini amuangalie kwenye kioo? Ameita motari wa pikipiki tayari.

Nikaanza. Naapa nimeanza. "Mama, ngoja, kuna kitu Rémy aliniambia..." Akanishika mashavu, mikono yake inanuka kitunguu. Akasema bila mimi angebaki kumuangalia muzee kwenye tele mpaka azeeke. Halafu akakimbilia jikoni, maharagi yanataka kuungua.

Labda yuko kule kweli? Watu wa Kiwanja ni wengi Kanyaruchinya. Labda. Nalia na kuandika, siwezi hata kuona mustari.

Motari anapiga honi. Nyirakamana amekwisha kupanda, sufuria mapajani, amejisogeza mbele nipate nafasi. "Madamu, kuya!" Nimesema nakuja. Anauliza kama sahani tatu zitatosha, maana muzee hapendi kula bila kuita watu.

Nimesema ngoja niongeze ya nne.